Mzinga na Ngozi: Juu ya Kufufua Kompyuta za Kale

Wahenga walituusia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wakatuusia pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakutuambia ufa wa nyumba ya kale uzibwe kwa udongo gani, na hapo ndipo fikra zetu zinapotatizika.

Swali hili limeingia hata katika mashine. Wako watu wanaofufua kompyuta za kale, nao hawana budi kuamua kila mara: kifaa kilichokufa kitafutiwe mwenzake wa zama zile, au kiwekwe kipya cha leo?

Huko Bletchley Park, Uingereza, yamo Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, na ndani yake mashine mbili zatoa majibu mawili. Ya kwanza ilijengwa Harwell kwa watafiti wa nguvu za atomu, ikaanza kazi mwaka 1951. Ina uzito wa tani mbili na nusu, ina vali za kioo 828 za kuhesabia, na kuzidisha namba mbili huichukua sekunde 5 hadi 10. Ilistaafu mwaka 1973, ikafufuliwa mwaka 2012 ikiwa na sehemu zake nyingi za asili. Ya pili ni Colossus, ambayo tangu mwaka 1944 ilisaidia kufumbua siri za majeshi ya Ujerumani. Baada ya vita mashine za jina hilo zilivunjwavunjwa, na mwaka 1960 michoro yake ikachomwa moto. Tony Sale na wenzake walianza kuijenga upya mwaka 1993, kwa msaada wa picha chache na vipande vya michoro walivyovihifadhi wahandisi wa zamani, wakaikamilisha mwaka 2007.

Je, hii ya pili ni ya uongo? Hatudhani. Tuitazame ngoma. Ngozi ikichakaa, fundi huwamba nyingine, wala hakuna aambiwaye kuwa ngoma ya babu imekufa. Lakini tukificha kinasa sauti ndani ya mzinga, kisha tukapunga mikono juu yake, hata kama mzinga ni wa babu na ngozi ni ya babu, hapo hapana ngoma tena. Mzinga wa kompyuta ni namna yake ya kufanya kazi. Mtu akitia ndani ya ganda la kale kifaa kidogo cha leo kinachoiga mashine nzima, atapata wepesi, lakini atakuwa amefuta somo. Ule upole wa mashine ya Harwell ndio ukweli wake.

Hata hivyo, kung'ang'ania kila cha asili nako ni upofu. Betri ya zamani ikiachwa mahali pake huvuja, na uvujaji wake hula nyaya za bodi hadi zikatike. Aiachaye kwa heshima huiua mashine kwa mapenzi.

Liko jambo gumu zaidi. Baadhi ya mafundi huchukua kapasita ya kale, wakaitoa matumbo, wakaweka mpya ndani ya ganda lile lile. Je, huu ni ustadi au ni hila? Twaona jibu halimo katika ganda, limo katika daftari. Fundi akiandika alichokitoa, alichokitia na sababu yake, ganda litayapa macho haki yao na daftari litaipa akili haki yake. Asipoandika, amemrithisha mjukuu uongo uliopambwa, naye mjukuu hatakuwa na njia ya kuujua.

Basi walimu na wanafunzi, tunapotengeneza chochote cha wazee wetu, iwe mashine, msikiti wa kale au ngoma, tusiulize tu kama kitu hiki ni kipya au cha zamani. Tuulize pia: je, bado kinafanya kazi kwa njia yake, na je, tumeikiri mikono yetu ndani yake? Kiraka si aibu ya nguo. Aibu ni kuapa kwamba nguo haijapata kuchanika.