Neema ya Macho na Tone la Dawa Mchana wa Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetupa macho kabla hatujajua kumwomba. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi,

Kila mwaka maelfu ya watafiti wa macho hukusanyika katika mkutano wa ARVO, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 1928. Wamewahi kukutana Denver, Seattle, Honolulu na Vancouver. Kwa siku kadhaa hakuna linalozungumzwa ila jicho. Yupo aliyetumia miaka akichunguza machozi tu, na yupo aliyeshughulika na maji yanayozunguka ndani ya jicho. Sisi tunaosoma katika Surat Al-Mulk kwamba tumepewa masikio, macho na nyoyo, na kwamba shukrani yetu ni ndogo, habari hii ilipaswa itushughulishe kuliko watu wengine.

Jibu letu la haraka nalijua: elimu hiyo ni yetu, Ibn al-Haytham alitangulia. Ni kweli. Alizaliwa Basra, akafanya kazi Cairo, akafariki yapata mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alionyesha kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni kutoka kwenye vitu, si kwa miale inayotoka jichoni. Lakini yeye amekwenda na amali yake. Sisi tunabandika picha yake kwenye ubao wa matangazo (na picha yenyewe ni ya kubuni, hakuna aliyemchora akiwa hai), kisha tunarudi mabwenini.

Tunaosoma masomo ya Kiislamu hatutagundua dawa. Hata hivyo kuna jambo moja la macho ambalo daktari peke yake hawezi kulimaliza.

Yako maradhi ambayo wengi huyaita presha ya macho. Madaktari huyaita glakoma. Mara nyingi maji ya ndani ya jicho hayatoki sawasawa, presha inapanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa kidogo kidogo. Aina iliyoenea zaidi haiumi. Uoni wa pembeni hutangulia kupotea, na mwenyewe hana habari. Mtoto wa jicho hupasuliwa, lenzi yenye ukungu ikatolewa na nyingine ikawekwa, mtu akaona tena. Glakoma sivyo: kilichopotea hakirudi. Na watu wenye asili ya Afrika hupatwa nayo zaidi na mapema zaidi. Kwa wagonjwa wengi kinga ni matone, kila siku, maisha yao yote.

Sasa mfikirie mzee anayetia matone hayo, na Ramadhani imeingia. Amesikia tu kwamba kila kinachoingia mwilini kinafunguza. Anaifungia chupa kabatini mwezi mzima. Kwa kuwa hasikii maumivu, anadhani hakudhurika. Nia yake ni kumtii Mola wake, na jicho linakwenda.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, wanja na dawa ya macho havifunguzi, hata ladha ikihisiwa kooni, kwa sababu jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi kufika tumboni. Wahanafi nao wanasema havifunguzi. Wamaliki na Wahanbali wanaona vinafunguza vikifika kooni. Mwaka 1997 madaktari na wanazuoni walikaa pamoja Casablanca kujadili mambo yanayofunguza. Mwaka huo huo Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah, likaamua kuwa matone ya macho hayafunguzi, maadamu mtu anajiepusha kumeza kinachofika kooni. Binafsi mkutano wa Casablanca naupenda kuliko ya Denver na Seattle, maana watu wa elimu mbili waliulizana.

Na asitokee wa kumsomea mzee huyo Hadithi ya Qudsi aliyoipokea Bukhari, ya aliyepoteza macho yake mawili akasubiri akalipwa Pepo. Hiyo ni faraja ya aliyekwisha kupofuka, si hoja ya kumwacha mtu apofuke. Mtume (S.A.W.) aliamrisha tujitibu.

Kabla Ramadhani haijaandama, pigeni simu nyumbani. Ulizeni nani ana kichupa cha matone, mumwambie fatwa hii kwa upole, na aongee na daktari wake kuhusu saa za kutia. Zikiwezekana wakati wa daku na baada ya futari, ni vyema. Kama lazima iwe mchana, atie na aendelee na saumu yake. Akishatia, afumbe jicho na abonyeze kwa kidole pembe yake iliyo karibu na pua, kama dakika mbili. Hapo ndipo unapoanzia mfereji unaopeleka machozi puani na kooni. Dawa itabaki jichoni, na anayefuata kauli ya Wamaliki atapata utulivu. Na kwa kuwa maradhi haya hufuata damu, wewe uliyepiga simu nawe nenda ukapimwe.