Ahadi ya Dola, Mikono ya Mkulima

Masika yakikolea na Mto Kilombero kufurika, mkulima wa mpunga huhamia shambani na familia yake. Hulala kwenye dungu la miti lililoinuliwa juu ya maji, na punje zikianza kujaa hushinda akiamia kwelea kwelea tangu alfajiri. Mashamba mengi ya namna hiyo yamo ndani ya hekta 796,735 ambazo Tanzania iliziandikisha mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa ardhioevu uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Dola imeiahidi dunia kulitunza bonde la mto huo. Ahadi hiyo inamfunga nani?

Wanasheria watajibu upesi: inaifunga dola. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unataka aliyeahidi atimize kwa nia njema, wala asijitetee kwa sheria za nyumbani kwake. Unasema pia kwamba mkataba hauibebeshi dola nyingine wajibu bila ridhaa yake. Sawa, lakini dola haina jembe wala nyavu. Ikiahidi, atakayepunguza ng'ombe ni mfugaji wa Kisukuma, na atakayeambiwa asivuke kigingi cha zege cha mpaka ni Mndamba ambaye babu yake alivua hapo.

Nyerere aliliona tatizo hili katika ngazi ya juu. Mwaka 1961 alikataa Tanganyika irithi kiholela mikataba iliyofungwa na Uingereza. Ile ya nchi mbili ilipewa miaka miwili ichunguzwe. Isiyokubaliwa upya ingekwisha, kwa kadiri sheria ilivyoruhusu. Hoja yake, kwa maneno yangu: watu hawafungwi na neno lililotolewa kwa niaba yao wakati hawakuwa na kauli. Kwa hoja hiyo aliukataa mkataba wa maji ya Nile wa 1929. Ni hoja nzuri, na uzuri wake ndio unaosumbua, maana sioni kwa nini iishie mpakani. Mtu wa Mngeta au Mlimba, humu bondeni, naye anaweza kuuliza alikubali lini.

Ila tusiende mbio. Kila kijiji kikipewa uwezo wa kupinga, hakuna mkataba utakaosimama. Tena, bonde hili ndilo linaloupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na mvuvi wa delta kule chini hajawahi kuulizwa na anayelima Ifakara. Kaulimbiu ya haki za wenyeji haimjibu mvuvi huyo. Na wenyeji wepi? Wandamba na Wapogoro wana historia ndefu hapa, Wasukuma walikuja baadaye na mifugo, na reli ya TAZARA ilileta wengine.

Kwa hiyo siidai serikali kura ya kila mtu. Naidai kitu kidogo zaidi: asiyeulizwa wakati wa kuahidi asikilizwe wakati wa kutekeleza. Ramsar yenyewe inazungumzia matumizi ya busara. Haikatazi kulima wala kuvua. Operesheni Okoa Bonde la Kilombero ya mwaka 2012, iliyowaondoa wafugaji na makundi yao ya ng'ombe, haimo katika ibara yoyote ya mkataba ule. Huo ulikuwa uamuzi wa hapa nyumbani, na wa kuulizwa wako hapa hapa.

Waulizwe wapi, hilo ndilo gumu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza kutoka msitu wa Mau, na utetezi wa hifadhi haukuiokoa. Tanzania ilikuwa imetoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuishtaki mbele ya mahakama hiyo. Mwezi Novemba 2019 ikalifuta, na sheria inaitambulia dola haki ya kuondoa ridhaa yake. Tangu ufutaji ulipoanza kutumika mwaka uliofuata, mkazi wa Mngeta anayetaka kufika mahakama ile ya Arusha, iliyo ndani ya nchi yake, hana budi kesi yake ibebwe kwanza na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, nchini Gambia.