Nyumba ya Mangobo

Bwana na bibi wa kisa hiki nimewatunga, ndiyo maana hawana majina. Sheria zilizowapitia ni za kweli.

Walikaa Mangobo, Kisangani. Bwana alikuwa akishuka mto kwa balenyeri hadi Bumba na chumvi, sabuni na vitenge, akirudi na mchele. Bibi alikuwa na meza yake sokoni, ya mawese na samaki wa kukaushwa. Faida ya mawese ni ndogo ila haikatiki, na ndiyo iliyolisha watoto miezi ile balenyeri ilipokwama kwenye mchanga. Ndiyo pia iliyonunua matofali ya kuchoma na mabati ya nyumba. Karatasi ya kiwanja iliandikwa jina la bwana peke yake. Wakati ule hakuna aliyeona ajabu.

Kisha bwana akafungua biro ya pili, yaani akaweka hawara, huko Kabondo, na mtoto akazaliwa. Bibi akaita ukoo. Wazee wakaketi uani, kreti ya bia katikati, lituma na samaki vikapakuliwa. Bibi akaeleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyempisha kiti. Alipomaliza, noko wa bwana, yaani mjomba wake, akafuta mikono, akasema: "Mama, tumekusikia. Lakini yule mwanamke amelala kwenye kitanda chako? Bwana amemleta hapa akutukane? Anakulisha, anakuheshimu. Mwanaume ni mwanaume." Bibi akapewa kitenge cha kumtuliza, na baraza likavunjika.

Noko hakuwa amesoma sheria hata siku moja, na bado maneno yake yalilingana nayo. Kifungu cha 467 cha Kanuni ya Familia ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987, kilimhukumu kifungo cha miezi sita hadi mwaka mmoja mke aliyelala na mwanaume mwingine, bila sharti lolote. Mume alikuwa na hatia pale tu uzinzi wake ulipofanyika katika hali inayoufanya kuwa tusi zito kwa mkewe. Nje ya hapo, alikuwa huru. Kanuni hiyohiyo ilimweka mume kuwa mkuu wa nyumba na kumwamuru mke amtii, na kifungu cha 490 kikadhania kwamba mume ndiye msimamizi wa mali zote, za pamoja na za mke mwenyewe. Mizani hii ilitoka Ulaya. Sheria ya Ufaransa ya 1810 na ile ya Ubelgiji ya 1867 zilimfunga mke kwa uzinzi wowote, na kumgusa mume ikiwa tu alimweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Ubelgiji iliacha kabisa kuadhibu uzinzi mwaka 1987, mwaka uleule Zaire ilipouandika katika sheria yake mpya. Kila nikikumbuka hilo linaniuma.

Mwaka 2014 bibi naye akateleza. Bwana alikuwa Bumba kwa miezi, na mwanaume aliyekuwa akimbebea bidoo za mawese akawa zaidi ya mbebaji. Sisemi alifanya vema. Jirani akasema, bwana akarudi, na asubuhi iliyofuata alikuwa parke, kwa mwendesha mashtaka, na nakala ya akte ya ndoa mkononi. Bibi akakamatwa.

Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Kesi ya uzinzi haianzi bila malalamiko ya mume au mke aliyekosewa, na yeye anaweza kuyaondoa. Basi mwenye kulalamika ndiye mwenye kushika ufunguo wa gereza. Katiba inasema polisi wasimshike mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya sheria, lakini bibi hakulijua hilo, na hakuna aliyemwambia. Alikaa sakafuni mahabusu, kitenge kimelowa, akiwaza mtoto wake mdogo aliyekuwa na homa. Bwana akaja na karatasi iliyopigwa mashine tayari: bibi anakubali talaka, anatoka bila kudai chochote, na malalamiko yanaondolewa. Ndugu zake bibi wenyewe wakamsihi asaini wasije wakaaibika zaidi. Akasaini. Jioni akalala kwa dada yake Lubunga, ng'ambo ya mto, na mfuko mmoja wa nguo.

Alichokiacha kilikuwa haki yake. Wasipochagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, sheria inawaweka bwana na bibi katika ushirika wa mali walizochuma pamoja. Uzinzi haukuyageuza matofali yale kuwa ya mtu mmoja. Na talaka haitolewi parke wala polisi: ni ya juji wa Mahakama ya Amani, ambaye kwanza lazima awaite wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Mbele yake bibi angeweza kufungua mdomo kuhusu nyumba. Lakini alipofika huko alikuwa ameshasaini, na alinyamaza.

Tarehe 15 Julai 2016 sheria ikabadilika. Katiba ya 2006 ilikuwa imeshaagiza kuondoa ubaguzi dhidi ya mwanamke. Ilichukua miaka kumi. Sharti la tusi zito likaondoka, mume na mke wakawa sawa mbele ya kosa hili. Uganda ilikwenda njia nyingine: mwaka 2004 Mahakama yake ya Katiba ilivunja vifungu vya talaka vilivyomdai mke ushahidi mzito kuliko mume, na mwaka 2007 ikalitupa kosa la uzinzi lenyewe. Mimi naona njia ya Uganda ni salama zaidi. Kongo imewapa wote wawili fimbo, na fimbo ile bado inachapa.

Kwa maana bwana wetu alikuwa amemwoa yule wa Kabondo, naye pia kwa akte, kisha akafungua biro nyingine. Bibi mpya alikuwa amesoma. Mwaka 2019 akaenda parke. Bwana akacheka, akajitetea kwa maneno ya noko: "Sijamwingiza nyumbani kwake." Afisa akamsomea sheria mpya. Usiku wa pili mahabusu bwana akakubali kusaini, malalamiko yaondolewe, na alichotoa ni nyumba ya Mangobo. Matofali ya mawese ya mwanamke mmoja yakamlipa mwanamke mwingine, na aliyeyanunua hakuitwa hata kuulizwa.

Binti mkubwa wa bibi wa kwanza aliona yote. Mwaka jana alipochumbiwa, yeye na mchumba wake walikuwa wameshaanza kulipia kiwanja Lubunga. Akadai mambo mawili kabla ya kwenda komini: watamke mbele ya afisa wa hali ya kiraia kwamba wanachagua ushirika wa mali zote, hata za kabla ya ndoa, na karatasi ya kiwanja iandikwe majina yote mawili. Noko wa kijana wakasema msichana huyu ameshapanga talaka kabla ya ndoa. Kijana akaomba wiki moja aongee nao. Binti akamwambia achukue hata mbili, ila karatasi ikirudi na jina moja, mahari nayo itarudi kwao.