Mfupa wa Lini, Mfupa wa Nani

Aokotaye mfupa mkavu katika shamba la Msangeni, kwenye milima ya Upare, huulizwa maswali mawili. Mpenzi wa vitu vya kale huuliza: ni wa lini? Mwenyeji huuliza: ni wa nani? Maswali haya yapishana kwa neno moja tu, nayo yataka heshima mbili zilizo mbalimbali.

Swali la kwanza, hapo Msangeni, lina nusu ya jibu kabla ya kipimo chochote. Miamba ya Upare iliiva kwa joto na mgandamizo ndani ya ardhi miaka milioni 600 hivi iliyopita, kabla dunia haijajua mnyama mwenye mifupa. Si kama Tendaguru, kule Lindi, ambako mifupa ya madainosaria ilifukuliwa kwa wingi tangu mwaka 1909. Mfupa wa Msangeni hutoka katika udongo, si ndani ya mwamba. Huenda ni wa ng'ombe, huenda ni wa mtu. Nazo baadhi ya koo za Upare zilihifadhi mafuvu ya wazee wao katika misitu ya matambiko. Basi kinachoitwa kitu cha kale huweza kuwa babu wa mtu aliye hai.

Hata penye visukuku vya kweli, mfupa hausemi umri wake peke yake. Fuvu aliloliona Mary Leakey katika Bonde la Olduvai mwaka 1959 lilijulikana kuwa la miaka milioni 1.75 kwa kupimwa majivu ya volkano ya tabaka lile. Aung'oaye mfupa bila kuandika ulipolala humnyamazisha shahidi.

Na shahidi huweza kufahamika vibaya. Mwaka 1913, huko huko Olduvai, Hans Reck alifukua mifupa ya mtu, akaidhania kuwa na umri wa tabaka ilimokuwa. Katika miaka ya 1930 ikabainika kuwa lile lilikuwa kaburi, lililochimbwa baadaye sana ndani ya tabaka kongwe. Mtu yule alikunjwa akazikwa na wenziwe. Lau swali la nani lingalitangulia, la lini lisingalipotoka.

Yasemwa kwamba elimu ni ya wote, na mfu hana dai. Lakini mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kuwa vipimo vya nasaba vimewapata jamaa walio hai wa mafuvu yaliyochukuliwa Tanzania zama za ukoloni. Dai lilikuwapo muda wote. Aliyekosekana ni muulizaji.

Mwenyeji naye asilifanye swali lake kufuli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yamtaka mvumbuzi atoe taarifa, wala haimpi mfupa uwe wake. Basi na auache ulipo, aweke alama, amwite mzee wa ukoo na afisa wa serikali. Akianza kusema mzee, afisa hatapungukiwa na kitu.