Nani Anailipia Imani Yangu?

Mwaka 2021 swali la "umechanja?" lilikuwa gumu zaidi kulijibu kanisani kuliko hospitalini. Ukisema ndiyo, wapo walioona umemwacha Mungu. Ukisema hapana, wapo waliokuona mjinga. Sikupenda kuhesabiwa upande wowote, lakini mkono wa kuchomwa sindano ulikuwa wangu na uamuzi ulikuwa wangu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2020 takwimu za corona Tanzania ziliishia kwenye wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo, kimya kirefu. Aprili mwaka huo tulifanya siku tatu za maombi ya kitaifa, na Juni Rais Magufuli akatangaza kanisani kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilizidi, nasi tukajifunza msamiati mpya: marehemu alipata "changamoto ya upumuaji". Januari Rais alitutahadharisha kuhusu chanjo. Machi akafariki dunia. Julai 28, mrithi wake, Rais Samia, alichanja hadharani Ikulu. Ndani ya miezi sita, kile ambacho muumini aliambiwa akihofie, akaambiwa akakipange foleni. Siwashangai waliobaki njia panda.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Nilipomwambia nafikiria kuchanja, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kwani wewe unamwamini nani?"

Si swali la kubeza. Shangazi hakuwa anasambaza uvumi wa WhatsApp. Hofu yake ilikuwa kwamba mtu akishapata kinga atasahau kupiga magoti. Nikamuuliza kuhusu vidonge vyake vya kisukari, ambavyo humeza kila asubuhi baada ya sala. Akacheka. "Hivyo nimevizoea."

Jibu hilo lilinifungua macho. Kumbe hatukuwa tunabishana kama dawa inapingana na Mungu. Hilo tulishakubaliana zamani, kidonge kwa kidonge. Kilichotutisha ni ugeni. Na ugeni wa dawa ni jambo la haki kuuliza, ila wa kuulizwa ni daktari. Tukilivika swali la kitabibu joho la imani, tunamfanya mwenye shaka ya kawaida aonekane shujaa wa kiroho, na aliyechanja aonekane msaliti.

Wala swali la shangazi si jipya. Khalifa Umar, akielekea Sham, alipata habari za tauni akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja lenye malisho na jingine kame: popote atakapolisha ngamia wake, ni kwa kadari ya Mungu. Kwa maneno mengine, kuchagua majani si kumkana Mungu.

Kwetu Walutheri, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa. Lakini katika barua aliyoandika kuhusu tauni hiyo, aliwaonya waliodharau dawa kwa kisingizio cha imani: huko ni kumjaribu Mungu. Tena akasema anayezembea hadi akawaambukiza wengine anabeba lawama ya vifo vyao.

Hapo ndipo uamuzi wangu ulipoegemea. Nilikuwa najiuliza kama imani yangu inatosha, na sikuuliza ni nani atakayeilipia nikikosea. Ningeugua vibaya, mtungi wa oksijeni ambao ningewekewa usingeuliza dhehebu langu, na wala usingegawanyika mara mbili. Mgonjwa wa kitanda cha pili hakuwahi kushauriwa kuhusu ushujaa wangu. Daniel aliingia tunduni mwa simba peke yake, hakumburuta jirani.

Chanjo yenyewe haikuahidi kwamba sitaambukizwa. Kikubwa ilichopunguza ni uwezekano wa kuugua sana na kufa. Kwangu hilo lilitosha. Agosti nilisaini fomu ya ridhaa, nikaomba kimya kimya, nikakunja shati. Sikuhisi kupungukiwa imani, wala kuongezewa.

Naunga mkono kwamba chanjo ilibaki hiari, maana imani ya kulazimishwa haina thamani, na mwili wa mtu si wa kuamriwa kirahisi. Lakini hiari maana yake ni kwamba naamua mimi. Haina maana kwamba matokeo yatanigusa mimi peke yangu.

Shangazi hakuchanja. Niliendelea kwenda kwake kila Jumapili, nimevaa barakoa, tukakaa barazani kwenye hewa. Alikuwa akiniombea nisiwe na kiburi, nami nilikuwa nikimwombea uzima. Sala zote mbili nilizihitaji.