Babu, Mjukuu na Litungu: Mas'ala ya Kurithishana Ufundi



Katika nchi ya Mara, pande za Tarime na Serengeti, wamekaa Wakurya, watu wa ng'ombe na jembe, ambao mpaka waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwakata mapande mawili, hawa wakawa Tanganyika na wale Kenya. Watu hao wana chombo cha nyuzi nane wakiitacho iritungu, na katika Kiswahili hujulikana kwa jina la litungu. Ni ndugu wa obokano ya Wakisii na nyatiti ya Wajaluo. Mwili wake ni gogo lililochimbwa mfano wa bakuli kubwa likawambwa ngozi, na juu yake hutoka miti miwili, na baina ya miti hiyo mmoja wa kukingama ambao nyuzi hufungwa. Mwenye kulipiga ndiye huimba, akawataja wazee waliopita na mifugo na mambo yaliyokuwa.

Kazi ya kulifanya si ya kusimuliwa. Mti hukaushwa pole pole kivulini, kwani ukiharakishwa juani hupasuka. Na ukuta wa bakuli hupunguzwa kwa tezo mpaka uwe sawasawa pande zote, na usawa huo fundi huujua kwa vidole, wala hapana kipimo. Ngozi huwambwa ingali imelowa, ili ikikauka ijivute yenyewe. Kijana akiambiwa maneno haya mara mia hatajua kitu; akikaa na mzee misimu miwili, akaharibu magogo matatu na kukemewa, atajua.

Basi ikadiriwe kuwa yuko kijana wa Kikurya aliyekwenda Musoma kutafuta kazi, akaingia Uislamu huko, kisha akarudi kwao. Babu yake ni fundi wa litungu, naye hakuingia. Wanawe wengine wamekwenda mijini, na mkono wake umeanza kutetemeka. Amwita mjukuu amwambia: Njoo ukae nami nikupe kazi yangu kabla sijafa. Je, yamjuzia kijana kukaa, au yampasa kukataa?

Wako watakaojibu upesi kuwa yampasa kukataa, na dalili yao si dhaifu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kuwa vyombo vya nyuzi ni haramu kuvipiga na kuvisikiliza, na kinachofanywa kwa ajili ya haramu hufuata hukumu yake. Hili halina njia ya kulizunguka, na kijana asidanganywe kuwa ni jambo jepesi. Lakini yafaa kukumbushwa hapa kwamba Unguja kilikuwako chama cha Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905 kikipiga udi na fidla, na wengi waijuao hukumu hii wamekaa mstari wa mbele arusini wakitikisa vichwa. Aliyekaa hapo asiwe mwepesi wa kumnyoshea kidole Mkurya.

Lakini jibu la upesi limechanganya vitu viwili. Litungu ni kitu kimoja, na ilimu iliyo katika mkono wa mzee ni kitu kingine. Kujua mti gani hautapasuka, kuchimba bila kutoboa, kulainisha ngozi na kuiwamba, yote haya kwa dhati yake ni halali, na zaidi ya halali. Imamu Nawawi katika Minhaj amezihesabu kazi za mikono miongoni mwa faradhi za kifaya, yaani mji mzima ukizikosa wote wana dhambi. Na mkono ule ule uchimbao litungu huchimba kinu na chano. Na uwambao ngozi ile huwamba dufu, ambalo madhehebu yameliruhusu arusini na katika kutahiri.

Wala hapana aibu Mwislamu kujifunza kazi kwa asiyekuwa Mwislamu. Katika habari za Badr, mwaka wa pili wa Hijra, imepokewa kuwa mateka wasiokuwa na mali walijikomboa kwa kuwafundisha kuandika watoto wa Ansari. Ama wema kwa mzazi aliye nje ya dini, Asmaa binti Abubakar alimwuliza Mtume juu ya mama yake aliyekuwa mshirikina, akaamrishwa kumwunga. Basi babu huyu ana haki mbili, haki ya damu na haki ya mwalimu.

Njia iliyo sawa ni kijana kukaa, na kusema wazi tangu siku ya kwanza: Babu, nitajifunza mti na ngozi, ila nyuzi sitafunga. Neno hili litamchoma mzee. Kwake yeye, chombo bila nyuzi ni mwili bila roho, na ataona mjukuu amechukua maganda akaacha tunda. Uchungu huo ni wa kweli, na kijana asiufiche kwa kufunga nyuzi kwa siri ili kumridhisha, kisha kuzikata akiondoka. Mzee akikasirika amfukuze, kijana arudi kesho na maji ya kuoga na kuni, na keshokutwa vile vile. Huenda siku moja akapewa tezo.

Na jambo hili halingoji. Mwislamu hamrithi asiyekuwa Mwislamu, hiyo ni hadithi sahihi na ndivyo madhehebu yalivyo. Mzee akifa leo, tezo yake na kisu chake na magogo yaliyokwisha kukauka ni ya warithi wengine walioko mijini, nao watayauza au watayachoma kuni. Vitu hivyo vyaweza kumfikia mjukuu kwa hiba au kwa wasia. Ama kilichomo vidoleni mwa mzee hakiandikiki katika wasia wala hakigawiwi na kadhi. Hakina njia ila mzee aushike mkono wa kijana akiwa hai, auweke juu ya ukuta wa bakuli, amwambie: Hapa bado pazito.