MWENDO WA ALIYE NYUMA

Somo: Mwanzo, mlango wa 33



Tangu turudi kutoka Unguja maswali yamekuwa mengi. Mengine mmetuuliza wazi baada ya ibada, nasi twawashukuru. Mengine yameulizwa kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, na njiani kwenda sokoni Tukuyu, yakatufikia yakiwa yametiwa chumvi. Watu sita wa mtaa huu, tena wengine wenye wajukuu, walifunga safari ya basi kutoka hapa Masukulu mpaka Dar es Salaam, wakapanda boti, wakavuka bahari. Na yote hayo ni kwa ajili ya nini? Kupiga mbio! Tena Jumapili! Mtu mmoja amesema kwamba kama ni kukimbia tu, vilima vya Rungwe vingetosha, na havina kiingilio.

Twaona ni haki yenu kujibiwa, na hapa ndipo mahali pa kujibia.

Habari ya fedha ni fupi. Nauli tuliiweka akiba wenyewe kwa muda wa mwaka mzima, na mfuko wa kanisa haukuguswa hata senti moja. Rafiki zetu wa Unguja, ambao wawili kati yao walipata kufanya kazi huku kwetu, walitupa malazi na chakula.

Habari ya Jumapili si fupi hivyo. Mbio hizi za mijini mara nyingi hufanywa Jumapili asubuhi, kwa sababu saa hizo barabara huwa tupu. Ndivyo ilivyo kwa mbio za Kilimanjaro kule Moshi, zilizoanza mwaka 2003, na vijana wetu wamekwisha kuvutwa na mbio za namna hiyo hata Mbeya hapo karibu. Kwa hiyo swali hili halitakwisha na safari yetu moja. Neno letu ni hili: mtu atakayeiacha Meza ya Bwana kwa ajili ya medali, sisi hatutamtetea. Tulikimbia kulipopambazuka, jua halijawa kali, tukaoga, tukaingia ibadani katika Kanisa Kuu la Mkunazini. Yuko atakayesema kwamba mwili uliochoka hausali vizuri. Labda. Lakini hapa kwetu tumewaona watu wakisinzia ibadani bila kukimbia hata hatua kumi.

Sasa tuwaeleze mbio zenyewe, maana wengi mwadhani tulikwenda kushindana. Wanariadha hasa wana masafa yao marefu, nao huondoka kama swala. Kisha kuna mwendo mfupi wa kilomita 5 kwa watu kama sisi. Hapo utamwona mama amembeba mtoto mgongoni, wazee wa mazoezi ya alfajiri na fulana zao za rangi moja, wanafunzi, askari, watalii waliokwisha kuwa wekundu kwa jua, na watoto wenye ndala miguuni ambao hawakuandikishwa popote lakini wanatangulia mbele ya wote. Ngoma na tarumbeta zalia. Watu wamesimama barazani mwa nyumba zao, wengine wangali na kikombe cha kahawa mkononi, wakimshangilia kila apitaye. Ni sikukuu, ila ni sikukuu yenye jasho.

Tena hukimbii mahali patupu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na kila kona ina habari yake. Ukipita Forodhani waiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa. Pembeni yake ni Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020. Ukigeukia upande wa Darajani waona soko, na harufu ya karafuu na samaki yakupokea kabla hujafika.

Katika sita wetu alikuwamo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama (naye ametupa ruhusa tuseme haya) ambaye goti lake humsumbua kila mvua inyeshapo, na ninyi mwajua mvua ya kwetu. Tulikuwa tumepatana tangu tukiwa botini: atakayechoka ndiye atakayetuongoza. Hatukupatana kwamba tutamsubiri mbele. Kumsubiri mtu mbele, umesimama mikono kiunoni, ni kumwonyesha kwamba amekuchelewesha. Tulipatana kwenda naye.

Mapatano haya ni mepesi kuyatamka. Vijana wetu wawili walipata taabu sana. Miguu yao iliwawasha. Kila mtu alitupita. Mzee mwenye mkongojo alitupita, akatusalimu kwa adabu nzuri ya kipwani, akaendelea. Mmoja wa vijana akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, hata huyu?" Yule mama akasikia, akacheka hata akalazimika kusimama, nasi tukasimama naye.

Hivyo ndivyo tulivyofika Mkunazini polepole, na kwa kuwa tulifika polepole tuliweza kutazama.

Wengi wenu mwajua kwamba Kanisa Kuu lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyeusimamia ujenzi, yeye yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Kwa mapokeo, altare imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nje, katika shimo, yamesimama masanamu matano ya watu waliofungwa mnyororo shingoni, na mnyororo wenyewe ni wa kweli.

Ndugu, wale hawakuwa watu wa mbali. Wengi waliouzwa pale walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa, wakapakiwa majahazini. Na hata baada ya soko kufungwa biashara haikukoma mara moja. Mwaka 1887 watu wa Mlozi waliwashambulia na kuwaua Wangonde wengi kule Karonga. Na Wangonde, kama wazee wetu wasemavyo, ni ndugu zetu wa ukoo mmoja, hata leo lugha zetu zasikilizana. Wala mtu asiitumie habari hii kuwadharau rafiki zetu Waislamu. Waliouza na walionunua walikuwa wa kila namna, na machifu wa bara waliwauza watu wao kwa nguo na bunduki. Waliotukaribisha Unguja ni Waislamu, na ndio waliotupa maji njiani.

Lakini liko jambo moja la misafara ile ambalo halijatutoka tangu siku hiyo. Mwaka 1866 Dr. Livingstone alipokuwa akipanda kutoka Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa, alimkuta mwanamke amefungwa shingoni kwenye mti, amekwisha kufa. Wenyeji wakamweleza sababu. Mwanamke yule alishindwa kwenda sawa na wenzake katika mnyororo, na aliyemmiliki hakutaka apumzike, apone, kisha awe mali ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya msafara: mwendo umewekwa na mwenye mali, na asiyeuweza anakufa.

Basi tukasimama pale na fulana zetu na namba zetu vifuani, mama wa watu anashika goti lake, tukaona kwamba watu waweza kwenda pamoja kwa njia mbili. Wote waweza kuwa na njia moja, na idadi moja, hata wimbo mmoja. Tofauti huonekana kwa yule anayebaki nyuma, anafanywaje.

Sasa tutazame somo letu. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka ishirini. Esau amekuja kumlaki na watu mia nne, wamekumbatiana, wamelia, na Esau kwa furaha yake anasema waondoke waende pamoja. Esau ni mtu wa pori, na watu wake ni wanaume watupu. Twaweza kuukisia mwendo wao. Yakobo anamkatalia kwa upole. Anasema watoto ni wachanga, na wanyama wananyonyesha. Wakiharakishwa hata siku moja tu, kundi zima litakufa. Anaomba ndugu yake atangulie, naye atafuata taratibu, kwa kadiri wadogo wanavyoweza.

Twajua kwamba baadaye Yakobo hakwenda Seiri alikoahidi, akageukia Sukothi. Ujanja wake wa zamani haukumwisha, nasi hatumsifu kwa hilo. Lakini soma mlango uliotangulia. Usiku mmoja kabla ya hapo alishindana mweleka hata mapambazuko, akateguka uvungu wa paja, na jua lilipomzukia alikuwa akichechemea. Mtu anayesema twende polepole kwa ajili ya watoto ni kiwete. Kabla ya usiku ule Yakobo alikuwa mtu wa kuwatangulia wengine, akamshika kisigino ndugu yake tangu tumboni. Mungu alimgusa paja, na tangu hapo akawa na macho ya kuwaona walio nyuma.

Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho habari za mbio, na hapo tuzo hupata mmoja. Waliomsikiliza walizijua mbio hizo vizuri, maana karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa kila mwaka wa pili, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo alitaka wajitahidi na kujizuia kama mwanariadha. Hakuwaambia wakanyagane, mlango wa 12 wa waraka ule ule wafundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote vyaumia. Wenye kupenda mafungu ya mashindano wasome na mlango huo.

Tulipofika mwisho wa mbio, tarumbeta zilikuwa zimeanza kufungashwa. Tukavikwa medali, sawasawa na wale waliofika nusu saa kabla yetu. Mzee wetu mmoja hapa Masukulu alipoiona alikasirika kweli kweli: "Mbio gani hizi, wa kwanza na wa mwisho wanapewa kitu kimoja?" Tukamwambia asome Mathayo 20, habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Akasema anaijua, na wala hajapata kuipenda. Twamshukuru kwa unyofu wake. Wengi wetu hatuipendi, ila hatusemi.

Na wa mwisho ana heshima yake. Mwaka 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa nzima Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza limeingia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Waliokuwa wamebaki uwanjani wakampigia makofi. Leo duniani wako watu wengi wanaomkumbuka Akhwari na hawajui ni nani aliyepata medali ya pili.

Turudi nyumbani. Katika mtaa wetu aliye nyuma ni nani? Wako wazee wa kule bondeni ambao tangu mvua zianze hawajaiona altare, na watu husema tu, "Siku hizi hawaji." Yuko kijana katika darasa la Kipaimara asiyejua kusoma vizuri, naye huulizwa mbele ya wenzake mpaka aone aibu, kisha haji tena. Na iko mitaa, hatusemi ni ipi, ambayo majina ya wasiomaliza ahadi husomwa mbele ya usharika. Mjane aliyeuza ndizi zake zote kwa ajili ya ada ya shule anasikia jina lake likitajwa katikati ya walevi na wavivu. Mtu akifanya hesabu ya fedha ataona zimeongezeka. Na ahesabu basi na viti vilivyo tupu.

Twaiomba halmashauri ya mtaa izungumze mambo mawili katika mkutano wake ujao. Ushirika Mtakatifu upelekwe bondeni mara moja kila mwezi wakati wote wa mvua, na vijana wajitolee kumbebea padre vyombo, maana utelezi wa njia ile twaujua. La pili, habari ya ahadi iwe kati ya mtu na mtunza hazina, mlango umefungwa.

Vijana nao wameomba tuwe na mbio zetu hapa hapa. Zitakuwa siku ya Jumamosi, ili lisizuke neno. Tutaondoka kanisani mpaka shuleni na kurudi, kundi moja, na aliye mzito kuliko wote ndiye atakayetangulia mbele. Mpaka sasa waliojiandikisha ni thelathini na mmoja, wawili wao wenye mikongojo. Yule mzee aliyekasirikia medali ameandika jina lake, akauliza kama kweli haruhusiwi kumpita mtu. Tumemjibu kwamba haruhusiwi. Wenye baiskeli watakaokubali kubeba maji waonane na katekista kabla ya Jumapili ijayo.